Kwato Ndogo

Tope langu limefika toleo la arobaini na moja
na bado farasi analipita kama anayepita juu ya zulia.
Nimeongeza maji. Nimepunguza maji.
Nimetia mng'ao, nikautoa, nikaurudisha nusu.
Nimeyapanga mawili mawili kwenye skrini,
kushoto la juzi, kulia la leo,
nikakodoa hadi machozi yakanifika mdomoni.

Jikoni mama anaponda viazi.
Dirisha limeziba kwa mvuke; Lublin ni Februari,
theluji ya siku ya tisa,
isiyotaka kuyeyuka wala kubaki nyeupe.
Anapika kopytka. Maana yake kwato ndogo:
donge la viazi na unga, linaviringwa kama kamba,
linakatwa mshazari, linatoswa kwenye maji yanayotokota.
"Bogna," anaita, "njoo uniazime jino."

Jino, si ulimi.
Tangu homa ya mwaka juzi mama haonji.
Supu na maji ya moto kwake ni pacha.
Kitunguu akikitafuna ni mlio tu.
Kilichomsalia ni mguso:
kipi kinateleza, kipi kinang'ang'ania fizi,
kipi kinajifanya laini halafu kinakugeuka katikati.
Basi amefungua daftari la zamani
anaipika upya miaka yote, toleo kwa toleo.

La themanini na mbili, unga wa mgao:
"Raba ya baiskeli," ameandika, "lakini sufuria tuliimaliza."
La arusi ya shangazi Zdzisława:
mayai mengi mno, majivuno mengi mno.
La baba, alilolisifu miaka kumi na saba,
pembeni lina neno moja kwa wino mwekundu: uongo.
Nikamuuliza uongo gani.
"Nilikuwa nanunua dukani."

Sahani mbili mbele yangu.
Viazi vya gunia moja, mkono mmoja;
vya huku vilipondwa vikiwa moto,
vya huku vililala usiku kucha.
Natafuna kushoto. Natafuna kulia.
La kushoto linashuka bila mazungumzo.
La kulia linasimama kidogo kwenye jino,
linafikiri,
ndipo linaachia.
"La kulia."
"Najua. Nilitaka kujua kama unajua."

Anakuja mezani kwangu na mikono ya unga, hagusi kitu.
Anamtazama farasi akivuka bonde mara nne.
"Tope hili halina kinyongo," anasema.
Nacheka. Yeye hacheki.
Baba yake alipeleka maziwa kwa mkokoteni,
na yeye, mtoto, alitembea nyuma
akihesabu mashimo.
"Mguu ukiingia, tope linaushika.
Ukitoka, shimo halizibi papo hapo.
Maji yanaingia kwanza. Ukingo unaanguka baadaye,
kama mtu anayesamehe huku anasita.
La kwako linasahau kabla farasi hajaondoka."

Ananivuta jikoni, anabonyeza donge kwa kidole gumba.
"Hesabu."
Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nne shimo linaanza kupanda,
kwenye saba limekaribia kujaa,
lakini kovu dogo limebaki pale, kama kitovu.

Toleo la arobaini na mbili:
sekunde nne za kusubiri, tatu za kujaa, kovu.
Farasi anavuka. Nyuma yake bonde lina habari zake.
Sasa anachechemea mguu wa kushoto,
kosa jipya, sijui limetoka wapi, la kesho.

Mama anaandika daftarini, kalamu inakwaruza:
"Vilivyolala. Bogna: kulia."
Halafu, bila kuinua uso,
kwa sauti ya mtu anayefuta meza tu:
"Na chumvi? Ilitosha?"

Na mimi mwenye ulimi mzima,
niliyetafuna huku na huku,
nasimama pale na uma mkononi.
Sikumbuki.